Mtandao unasoma vistari vyote lakini sauti inakatika: uzi kuhusu ubora wa mawimbi ya simu na faiba, Mtwara na Lindi

Mwanamikindani aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nafungua uzi huu kwa sababu malalamiko mengi ya mtandao kutoka kwetu Kusini huishia kwenye sentensi moja, kwamba mtandao ni mbovu, na majibu nayo huishia kwenye sentensi moja, kwamba mteja azime simu na kuiwasha tena. Fundi hawezi kufanya lolote kwa malalamiko ya namna hiyo, kwa kuwa mwangwi kwenye sauti, maneno yanayomezwa, intaneti inayosuasua jioni na rauta inayowasha taa nyekundu ni hitilafu nne zenye vyanzo vinne tofauti. Kazi yangu ni mitambo ya kusafirishia mawasiliano, na ningependa hapa tuzungumze kwa vipimo ambavyo hata asiye fundi anaweza kuvisoma.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine yote ni kwamba mtandao wa kidijitali hauharibiki polepole mbele ya macho ya mtumiaji. Simu ya zamani ya waya ilianza kwa kukwaruza, ikazidi kukwaruza, na mwenye nayo akajua mapema kwamba laini yake inakufa. Mfumo wa kidijitali hubaki safi kabisa huku nguvu ya mawimbi ikipungua, kwa sababu umejengwa ukiwa na akiba ya nguvu, na siku akiba hiyo inapokwisha huanguka ndani ya desibeli moja au mbili (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Anayengoja dalili amekwisha kuchelewa. Anayepima akiba iliyobaki ndiye anayewahi.

Sababu ya tabia hiyo imo katika namna sauti inavyosafirishwa. Katika mitambo ya simu ya kidijitali sauti ya mzungumzaji hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, yaani tarakimu nane za sifuri au moja, hivyo mazungumzo ya mtu mmoja huwa mkondo wa biti 64,000 kwa sekunde. Wazo hilo ni la Mwingereza Alec Reeves, aliyelibuni mwaka 1937 alipokuwa akifanya kazi Paris, na alichokuwa akipambana nacho ni kelele. Kipaza nguvu cha mfumo wa zamani hakikuweza kutofautisha sauti na kelele. Kilikuza vyote viwili, na baada ya vituo kadhaa kelele ilikuwa imelundikana, kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine. Kituo cha kidijitali hakikuzi kilichofika, bali hukiamua kama ni sifuri au ni moja, kisha hutuma biti mpya kabisa, na kelele ya njiani ikabaki nyuma. Ndiyo maana leo mama wa Tandahimba anayeongea na mwanawe aliyeko Mwanza humsikia sawasawa na anayeongea na jirani. Lakini uamuzi ule ukianza kukosewa, moja ikasomwa sifuri, hakuna mkwaruzo wa kumwonya mtu. Silabi zinapotea tu.

Kwenye faiba biti hizo huwa ni mwanga unaowaka na kuzima ndani ya uzi wa kioo, ambao kiini chake, kwa kebo za masafa marefu, kina upana wa maikromita 9 hivi, wakati unywele wa binadamu una takriban 70. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walieleza kwamba tatizo la kioo halikuwa kioo chenyewe bali uchafu uliomo ndani yake, na kwamba kikisafishwa hadi upotevu ushuke chini ya desibeli 20 kwa kilomita kitafaa kwa simu. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Corning huko Marekani walivuka mpaka huo, na Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Faiba ya leo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550.

Hesabu hiyo tuilete nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa barabara ni takriban kilomita 560. Tukikadiria desibeli 0.25 kwa kilomita pamoja na viungo vya njiani, jumla ni desibeli 140. Miliwati moja ya mwanga ikitumwa kutoka Dar bila kupazwa popote, zitafika Mtwara chembe zisizozidi 80 hivi za mwanga kwa sekunde, ilhali laini ya kawaida ya mkongo, yaani njia kuu ya faiba, inabeba biti bilioni 10 katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo lazima pawepo vituo vya kupaza mwanga, kwa kawaida kila baada ya kilomita 80 hivi, na vituo hivyo, tofauti na vile nilivyovieleza hapo juu, hupaza mwanga jinsi ulivyo pamoja na kelele yake. Wataalamu wa mkongo wanapohangaikia uwiano wa mwanga na kelele, wanahangaikia jambo hilo.

Nawakaribisha wenye maswali. Naomba kila anayeeleza tatizo lake ataje mahali, saa, na kipimo kama anacho.

Shangani_Mtwara aliandika:

Mkuu, ahsante kwa maelezo. Mimi naishi Shangani, mnara ninauona kwa macho, na simu yangu inaonyesha vistari vyote. Hata hivyo kati ya saa moja na saa nne usiku sauti ya ninayeongea naye inakuwa kama ya mashine, na mvua ikinyesha intaneti inakuwa nzito kabisa. Kama mawimbi yamejaa, ubora unapotelea wapi?

Mwanamikindani alijibu:

Ndugu yangu wa Shangani, vistari havina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote wa simu. Kila mmoja huamua mwenyewe vistari vinne vianzie wapi. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu inayoeleza kuhusu simu, kisha hali ya laini, na utakuta namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa mtandao wa 4G, kama namba hiyo ni karibu na −80 mawimbi yana nguvu nzuri, ikiwa karibu na −100 ni ya wastani, na ikishuka chini ya −110 usitegemee mazungumzo ya kueleweka.

Nguvu ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni uwiano kati ya mawimbi unayoyataka na yale yasiyokuhusu, yakiwemo ya minara jirani. Usiku watu wengi wanapotumia mtandao kwa pamoja, minara yote hutangaza kwa nguvu na muda mwingi zaidi, kila mmoja ukawa kelele kwa mwenzake, na biti zikaanza kukosewa ingawa vistari havijapungua hata kimoja.

Sauti kuwa kama ya mashine ina maelezo yake. Simu ya mkononi haitumii zile biti 64,000. Katika mfumo wa GSM, yaani wa simu za kizazi cha pili, sauti hubanwa hadi biti 13,000 kwa sekunde, na katika mfumo wa kubana sauti uliofuata, ambao hujirekebisha kulingana na hali ya hewani, inaweza kubanwa hadi 4,750, ili nafasi inayobaki itumike kulinda biti dhidi ya makosa. Sauti iliyobanwa hutumwa kwa vipande vya milisekunde 20. Kipande kikipotea, simu inayopokea hurudia kile kilichotangulia huku ikipunguza sauti, kwa matumaini kwamba sikio halitatambua. Kikipotea kimoja kweli halitambui. Vikipotea vitano mfululizo ndipo mtu anasikika kama mashine, kisha anapotea.

Kuhusu mvua, angalia juu ya mnara wako kama kuna sahani ya duara iliyoelekezwa upande mmoja. Minara mingi haijafikiwa na faiba, na mazungumzo yako yakishafika mnarani husafiri kwa mawimbi mafupi ya maikrowevu kwenda mnara mwingine. Kwa masafa yaliyozidi gigahezi 10 matone ya mvua huanza kuyameza mawimbi hayo. Mitambo ya kisasa, ikiona hivyo, hupunguza idadi ya biti inazopakia katika kila wimbi ili laini isikatike, na matokeo yake njia inabaki wazi lakini imekuwa nyembamba. Simu yako inaonyesha vistari vyote kwa sababu inapima nguvu ya mawimbi kati yako na mnara, haipimi njia ya mnara kwenda Dar.

Mwalimu_Nachingwea aliandika:

Nawashukuru kwa mjadala wenye manufaa. Nina maswali mawili. La kwanza, naomba desibeli ielezwe kwa namna ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ataielewa. La pili, nimewahi kuambiwa na mtu wa huduma kwamba faiba ya eneo letu imezeeka. Je, kioo kinazeeka?

Mwanamikindani alijibu:

Mwalimu, desibeli ni namna ya kuhesabu mara ngapi, si kiasi gani. Ukipoteza desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi. 20, sehemu moja ya mia. 30, sehemu moja ya elfu. Faida yake kwa mafundi ni kwamba upotevu wa kila kipande cha njia hujumlishwa tu badala ya kuzidishwa. Herufi m inapoongezwa mwishoni, maana yake tumelinganisha na miliwati moja: 0 dBm ni miliwati moja, na −30 dBm ni sehemu ya elfu moja ya miliwati. Mwanafunzi akishika mambo hayo ataweza kusoma kipimo chochote kinachotajwa katika uzi huu.

Swali la pili ni zito zaidi, na jibu la kwamba faiba imezeeka mimi silipendi, kwa kuwa linafunga mjadala mahali ambapo ulipaswa kuanza. Kioo kilichomo ndani ya kebo nzima, iliyofukiwa vizuri na isiyoingiza maji, hufanya kazi kwa miongo kadhaa bila kubadilika sana. Kinacholiwa ni ile akiba ya nguvu, na huliwa kwenye viungo.

Kebo haiji ikiwa kipande kimoja. Huja katika maroli, na tukichukulia kwamba kila roli lina kilomita 4, njia ya Dar hadi Mtwara itakuwa na viungo visivyopungua 140. Kiungo kilichochomelewa vizuri kwa mashine hupoteza chini ya desibeli 0.1. Sasa fikiria greda linatengeneza barabara na kuikata kebo. Ncha mbili zilizobaki hazifikiani tena, kwa hiyo mafundi huingiza kipande kipya katikati, na pale pasipokuwa na kiungo sasa pana viungo viwili. Kazi ile ikifanyika usiku, kwenye matope, watu wakisubiri mtandao urudi, kiungo cha desibeli 0.3 kitaachwa kipite kwa sababu mtandao umerudi na hakuna mteja aliyeona tofauti. Mwaka ujao greda linarudi. Mteja hataona tofauti tena, mpaka siku atakapoiona, na siku hiyo ataambiwa kwamba faiba imezeeka.

Fundi_Masasi aliandika:

Mkuu Mwanamikindani, ninakubaliana nawe kwa mengi, lakini sidhani kwamba viungo ndilo tatizo kubwa la mikoa yetu. Kwa maoni yangu tatizo kubwa ni muda unaopita kabla ya kupajua mahali palipokatika, na hapo ningependa kueleza jambo ambalo mafundi vijana wengi hawaambiwi.

Kifaa tunachokiita OTDR hutuma mpigo mfupi wa mwanga ndani ya faiba na kusikiliza mwanga unaorudi. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kwa kila kilomita huchukua takriban maikrosekunde 10. Mwangwi ukirudi baada ya maikrosekunde 400, kifaa huandika kilomita 40. Kijana anachukua pikipiki, anasoma kilomita 40 kwenye barabara kuu ya kwenda Mtwara, anaita vibarua wachimbe, na wanaikuta kebo nzima kabisa.

Kifaa hakikudanganya. Kimepima urefu wa kioo, na kioo ni kirefu kuliko barabara. Ndani ya kebo nyuzi zimezungushwa kidogo ili zisikatike kebo ikivutwa, na kwenye kila shimo la kiungo huachwa mizunguko ya akiba yenye mita kadhaa. Ukivijumlisha vyote katika kilomita 40, tofauti inaweza kufika kilomita nzima. Njia ya uhakika ni kutafuta kwenye mchoro kiungo kinachojulikana kilicho karibu na hitilafu, kusoma umbali kutoka kiungo hicho pekee, kisha kwenda kusimama hapo. Mchoro wenyewe lazima uwe umeandikwa upya baada ya kila matengenezo. Nimeona saa nyingi zikipotea, vituo vya afya na mabenki yakiwa hayana mawasiliano, kwa sababu tu shimo la kiungo liliongezwa na halikuandikwa popote.

Mwanamikindani alijibu:

Kaka Fundi Masasi, hoja yako ni nzito na naipokea. Ningeongeza tu kwamba OTDR hiyo hiyo ikitumiwa kabla ya kukatika, kwa kulinganisha mchoro wa mwaka huu na wa siku laini ilipokabidhiwa, huonyesha kila kiungo kilichoharibika na ni desibeli ngapi kinakula. Kwa hiyo suala lako na langu vinatibiwa na kumbukumbu zile zile.

Kwa mafundi wanaosoma: pimeni kwa mawimbi mawili, nanomita 1310 na 1550. Mahali kebo ilipokunjwa sana, mwanga wa 1550 huvuja zaidi kuliko wa 1310. Upotevu ukiwa karibu sawa kwa yote mawili, shuku kiungo au uchafu. Ukiwa mkubwa kwenye 1550 pekee, tafuta mkunjo, kwa mfano kebo iliyobanwa na jiwe.

Karani_Newala aliandika:

Nawasalimu, wakubwa zangu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala, na tuliunganishiwa faiba kwa sababu siku hizi minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, na wakulima hukaa ofisini kusubiri bei. Mtandao unakwenda vizuri asubuhi, lakini mara nyingi alasiri taa ya LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga haufiki, huwaka nyekundu, hukaa hivyo kwa muda, kisha huzima yenyewe. Rauta imebadilishwa na tatizo limebaki. Kwa kuwa mliomba kipimo, nimeingia kwenye ukurasa wa rauta na nimekuta namba hii ya nguvu ya mwanga unaopokelewa: −26.4 dBm. Naomba mnisomee.

Mwanamikindani alijibu:

Dada, ahsante sana kwa kuleta namba, kwa sababu namba hiyo imekwisha kusema mengi.

Kifaa cha faiba cha ofisini kwako, ikiwa ni cha aina ya GPON ya kawaida, yaani mfumo ambao faiba moja hugawiwa wateja wengi, hupokea mwanga wa nanomita 1490 na kimehakikishwa kufanya kazi hadi −27 dBm. Wewe uko −26.4, kwa hiyo umebakiwa na akiba ya desibeli 0.6 tu. Upo ukingoni kabisa, na jambo dogo lolote linakusukuma upande wa pili. Kubadilisha rauta hakukusaidia kwa kuwa rauta haikuwa na kosa.

Tuangalie ulipaswa kuwa wapi. Mtambo wa mtoa huduma hutuma, tuseme, +3 dBm. Mwanga hupita kwenye splita inayougawa kwa wateja 32, na hapo hupotea desibeli 17 hivi. 15 ni za mgawanyo wenyewe na zilizobaki ni za kifaa. Kama mko kilomita 5 kutoka kwenye mtambo, weka desibeli 2 za kebo, na 2 nyingine za konekta na viungo. Unabaki na −18 dBm na akiba ya desibeli 9, ambayo ni akiba nzuri. Badala yake zaidi ya desibeli 8 zimepotelea mahali fulani, yaani unapokea karibu moja ya saba tu ya mwanga uliostahili kukufikia. Upotevu mkubwa kiasi hicho kwa kawaida hautoki kwenye kebo ya barabarani, maana majirani wote wa splita yenu wangelalamika. Waulize kwanza kama wao wako salama. Kama wako salama, tatizo liko kati ya nguzo na meza yako.

Kwa kuwa linakuja alasiri na kuondoka, kuna kitu kinachosogea. Fuata kebo nyembamba kutoka ukutani hadi kwenye rauta na utazame inapopita: chini ya mguu wa meza, nyuma ya kabati, kwenye bawaba ya mlango au dirisha. Isikunjwe kwa duara dogo kuliko kifuniko cha mtungi mdogo wa maji. Sentimita 3 za nusu kipenyo ndio mpaka wa salama kwa kebo nyingi. Kisha tazama rangi za konekta. Ya kijani imechongwa kwa mshazari wa digrii 8, ya buluu haina mshazari. Ya buluu ikichomekwa kwenye tundu la kijani, vioo viwili havigusani sawasawa, hewa inakaa katikati, na desibeli kadhaa zinapotea hapo hapo.

Usisafishe ncha ya faiba kwa kidole, nguo au kwa kupuliza kwa mdomo, kwa sababu mafuta ya ngozi na unyevu wa pumzi hubaki juu ya kiini kile cha maikromita 9. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kisafishio chake. Na kamwe, dada yangu, usiweke jicho kwenye ncha ya faiba kutazama kama mwanga unatoka. Mwanga huo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Kilwa_Kivinje aliandika:

Mzee wangu Mwanamikindani, shikamoo. Mwezi Mei mwaka 2024 sisi wa Kilwa tulipata misiba miwili kwa mfuatano. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, na tarehe 12 intaneti ikazorota nchi nzima. Wakati wa tukio la pili niliweza kumpigia simu ndugu yangu aliyeko Dodoma na tukasikilizana vizuri, lakini sikuweza kufungua hata picha moja. Kama mkongo ni ule ule, inawezekanaje?

Mwanamikindani alijibu:

Marahaba, kijana wangu. Matukio hayo ni mawili tofauti, na umefanya vyema kuyatenganisha.

La tarehe 12 Mei lilitokea baharini, mbali na kwetu. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Simu yako ya Dodoma haikuhitaji bahari. Ilipita kwenye mitambo na nyaya zilizomo ndani ya nchi. Picha ulizotaka zilihifadhiwa kwenye kompyuta zilizoko ng'ambo, na njia ya kuzifikia ilikuwa imebanwa. Ubora wa mawimbi kwenye faiba za Kilwa siku hiyo ungeweza kuwa kamili kabisa.

Tukio la kwanza ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi. Kebo inayopita kandoni mwa barabara hutegemea madaraja na makalavati yale yale, na maji yakichukua kalavati huchukua vyote. Dawa yake ni mzunguko, yaani mawasiliano ya Mtwara na Lindi yawe na njia mbili zisizokutana: moja ya pwani kupitia Kilwa, nyingine ya Masasi, Tunduru na Songea. Mitambo ya mizunguko imeundwa kuhamisha mawasiliano kwenda upande wa pili ndani ya milisekunde 50, muda ambao mtu aliye katikati ya mazungumzo ni vigumu hata kuuhisi. Kufukia kebo mbili pande mbili za barabara moja si mzunguko, hata kama kwenye karatasi inaonekana hivyo. Mto ukifurika hauchagui upande wa barabara. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, Shirika la Mawasiliano Tanzania, ni mali ya umma, na makampuni binafsi nayo yana kebo zao. Naamini kwa dhati kwamba swali la kwanza ambalo halmashauri, hospitali au benki inapaswa kumuuliza mtoa huduma kabla ya kasi na bei ni kama njia yake ya pili inapita barabara tofauti.

Wapo wanaosema setilaiti imemaliza suala hili. Inasaidia, lakini tazameni ucheleweshaji. Kwa faiba, sauti kutoka Mtwara hadi Dar hutumia milisekunde 3 hivi njiani. Setilaiti iliyo kwenye mzingo wa kilomita 35,786 juu ya ikweta huhitaji karibu milisekunde 240 kupandisha na kushusha, ilhali Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi 150 ili watu wasianze kukatizana maneno. Setilaiti za mzingo wa chini hazina kikwazo hicho kwa kiwango hicho, na kwa kijiji kilichopo ndani kabisa Liwale zinaweza kuwa jibu zuri. Kwa mji wenye hospitali ya rufaa na bandari, setilaiti iwe ya akiba.

Karani_Newala aliandika:

Nimerudi kuwapa taarifa. Majirani wawili wanaotumia splita hiyo hiyo hawana tatizo lolote. Kebo yetu ilikuwa imepitishwa kwenye fremu ya dirisha, na alasiri upepo unapoanza kuvuma huwa tunalifunga. Fundi amekuja, ameitoa hapo, na pia amekuta konekta ya buluu kwenye tundu la kijani ukutani, akaibadilisha na kusafisha tundu. Sasa namba inasoma −19.1 dBm, dirisha likiwa limefungwa au wazi. Je, kuna jambo jingine la kufanya?

Mwanamikindani alijibu:

Dada yangu, umerudishiwa zaidi ya desibeli 7, yaani mwanga unaofika kwenu sasa ni zaidi ya mara tano ya ule wa awali, na mna akiba ya karibu desibeli 8. Imebaki tofauti ya desibeli moja hivi na makadirio yangu, ambayo inaweza kuwa ni umbali tu, na haihitaji kumsumbua fundi.

Lililobaki ni kuandika. Bandika karatasi juu ya rauta yenye tarehe ya leo na namba −19.1, na kila mwanzo wa mwezi, pamoja na kila mara mtandao unapokatika, mtu aingie kwenye ukurasa ule aandike namba mpya na saa. Ikishuka hadi −22 mtandao utakuwa bado unafanya kazi vizuri na hakuna mkulima atakayelalamika, lakini huo ndio wakati wa kupiga simu kwa mtoa huduma na kumsomea namba zote mbili. Usingoje msimu wa minada uanze.